Buti ni sehemu ya ujira

Masika yakishakolea, mitaa ya pembezoni mwa Dar es Salaam hubadilika sura. Chanika, Kibamba, Goba, Bunju, Kigamboni, kote ni hivyo: viwanja vilivyokuwa vumbi tupu mwezi Februari vinageuka vichaka, majani yanafika magotini, ukoka unatambaa hadi barazani, na upande ule wa nyuma ya nyumba, penye mabaki ya matofali na kokoto za ujenzi, hapapitiki kabisa. Ndipo vijana wa kufyeka wanapoanza kupita nyumba hadi nyumba, fyekeo begani, chupa ya maji mkononi. Wanabisha hodi getini: "Mama, tukusafishie uwanja?" Mnapatana bei, kijana anaingia, anavua shati na kulitundika kwenye mpapai, anaanza kazi. Miguuni amevaa ndala.

Makala hii ni kwa ajili ya huyo kijana, lakini naiandika kwa mwenye nyumba.

Mimi ni mtu wa bustani. Nina matuta ya mchicha na matembele, migomba, minazi, na mwembe mkubwa niliouziwa pamoja na kiwanja. Kazi nyingi nazifanya mwenyewe asubuhi kabla jua halijawa kali, na zile nzito naita kibarua. Kwa miaka yote hiyo nimesikia sentensi moja kutoka kwa kila kijana niliyemuuliza kuhusu viatu: "Nimezoea, mama." Naamini kweli amezoea. Lakini mazoea hayazuii meno ya nyoka wala wembe wa chupa iliyopasuka, na zaidi ya hapo, yeye hakijui kiwanja changu. Mimi ndiye ninayejua shimo la choo la zamani lilipo. Mimi ndiye ninayejua upande upi mafundi walimwaga vioo na misumari. Mimi ndiye ninayejua chupa ipi stoo ina sumu. Kumwachia mgeni ayagundue hayo kwa miguu yake, kisha nikasema ni bahati mbaya, ni jambo nisiloweza kulikubali.

Kwa hiyo kabla ya kufyeka huwa tunauzunguka uwanja pamoja, mimi na kijana, kila mmoja na fimbo. Namwonyesha kila kitu kilichofichwa na majani: koki ya maji, kipande cha nondo kilichobaki ardhini, kamba ya kuanikia nguo inayomfikia mtu shingoni, mfuniko wa shimo la maji taka. Huo mfuniko nausisitiza kuliko vyote. Zege la mifuniko mingi ya majumbani lilimwagwa na fundi wa mtaani, nondo zake zimeliwa na kutu kwa chini mahali ambapo hakuna anayepaona, na kwa juu panaonekana pazima kabisa. Kwenye mashimo ya zamani yaliyofunikwa kwa mbao na udongo hali ni mbaya zaidi. Mtu akitumbukia, msishuke kumfuata. Humo ndani kuna hewa chafu yenye sumu inayomlegeza mtu kwa pumzi chache, na ndiyo sababu ajali za mashimo mara nyingi huua watu wawili au watatu, wa pili na wa tatu wakiwa wale walioshuka kuokoa. Piteni mbali, wekeni alama, zungusheni hata kamba na miti minne.

Baada ya mzunguko huo ndipo mawe, makopo na vigae vinaokotwa kwa reki. Vijana wengi hawapendi hatua hii kwa sababu wanalipwa kwa kiwanja, hawalipwi kwa saa, na dakika ya kuokota mawe ni dakika ya kuchelewa nyumba inayofuata. Hapo suluhisho ni fedha: nalipa kuokota kama kazi yake peke yake. Ukitaka mtu awe mwangalifu huku bei yako inamlazimisha aharakishe, unajidanganya.

Sasa fyekeo lenyewe. Jirani yangu mmoja, mzee aliyekata mkonge Korogwe ujanani, ndiye aliyenifundisha kulitazama kwa makini. Siku hiyo alikuja kunisalimia, akamkuta kijana anapiga majani kwa nguvu zote, jasho linamtiririka, majani yanalala badala ya kukatika. Baada ya shikamoo na marahaba alimwomba kijana ampe lile fyekeo. Akapitisha kidole gumba kwenye makali kwa ubapa, akatikisa kichwa. "Mjukuu wangu, hiki butu ndicho kitakachokukata." Akaomba tupa. Akalilaza fyekeo juu ya gogo, akakanyaga shingo yake kwa kisigino, akawa anasukuma tupa upande mmoja tu, kutoka nyuma ya bapa kuelekea ukingoni, mkono ukiwa juu ya makali na kamwe si mbele yake, akiinyanyua tupa kila anaporudi. Chuma kilipoanza kung'aa ukingoni aliacha. Kijana aliporudi kazini, mkono wake ulikuwa unapita taratibu na majani yanaanguka yenyewe.

Siri iko kwenye nguvu. Makali mabovu yanamlazimisha mtu apige kwa bega zima, na pigo la bega zima halina breki. Kwa anayetumia mkono wa kulia, fyekeo linaanzia juu kulia, linashuka, linapita mbele ya miguu na kuishia kushoto. Likigonga kisiki au jiwe linaruka, na linakotua ni kwenye ugoko wa mguu wa kushoto. Vijana kadhaa waliowahi kufyeka kwangu wana kovu mahali hapohapo. Mzee alimwelekeza asimame mguu wa kushoto ukiwa nyuma kidogo, asogee mbele kwa hatua fupi, na asiruhusu mtu yeyote kumkaribia. Wanaofyeka wawili wasikabiliane. Waachane kwa hatua nyingi na wote waelekee upande mmoja. Mtoto akiingia uwanjani, fyekeo lisimame palepale.

Jembe nalo lina lake. Mpini uliolegea wa jembe watu hupenda kuuloweka usiku kucha ili mti uvimbe ukaze, na kweli unakaza, mpaka ukauke tena saa nne asubuhi jua likiwa limewaka, na hapo jembe linachomoka katikati ya pigo. Kabari ya mti mgumu au ya chuma ndiyo dawa yake. Ukipumzika, usilaze jembe au reki meno juu.

Siku hizi mashine za kufyekea zimejaa mtaani, zile za petroli zinazovaliwa begani. Kazi ya siku nzima inaisha kwa saa mbili. Lakini mashine ile hurusha kokoto kwa mwendo ambao jicho haliwezi kuukwepa, na vitabu vya maelekezo ya watengenezaji hutaka watu wengine wakae umbali wa mita 15 kutoka kwa anayefyeka. Mita 15 katika viwanja vyetu mara nyingi ni kwa jirani. Kwa hiyo watoto wanaingia ndani, madirisha ya upande huo yanafungwa, gari linasogezwa, na mfyekaji anavaa miwani ya kinga. Sizungumzii miwani ya jua. Nazungumzia ile ya plastiki ngumu ya mafundi wa kuchomelea na kukata vyuma, inayouzwa kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi kwa bei ndogo. Kingine: kile kikinga cha plastiki kinachokaa juu ya wembe, ambacho wengi hukifungua ili mashine iwe nyepesi, kirudishwe kabla mashine haijawashwa kwangu. Na petroli haimiminwi injini ikiwa bado ya moto.

Nimefika kwenye nyoka, na hapa sitafanya haraka.

Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka wenye sumu katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017. Makadirio yake ni kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kwa kuumwa na nyoka, na wanaobaki na ulemavu wa kudumu, pamoja na kukatwa viungo, ni karibu mara tatu ya hao. Lengo lililowekwa ni kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu ifikapo 2030. Wengi wa hao ni wakulima, wachungaji na watoto wao. Ni watu wenye miguu mitupu.

Kwenye viwanja vyetu yule wa kuogopwa zaidi wakati wa kufyeka ni kifutu. Koboko ana jina kubwa zaidi, na sumu yake inazima pumzi ndani ya saa chache, lakini koboko akisikia vishindo kwa kawaida huondoka. Kifutu haondoki. Ni mnene, mfupi, mzito, rangi zake ni zilezile za majani makavu na udongo, na kinga yake kuu ni kutulia. Mtu anaweza kumpita karibu kabisa asimwone. Ukimkanyaga au ukimgusa, anapiga kwa kasi ya kutisha, na anakopiga ni kwenye unyayo, kifundo au ugoko. Sumu yake huvimbisha mguu, hutoa malengelenge, huozesha nyama. Naye hatagi mayai. Huzaa watoto hai, makumi kwa mkupuo mmoja, na kila mtoto anatoka akiwa na sumu yake kamili.

Nyoka hawaji kwetu kwa chuki. Wanafuata panya, vyura, vifaranga na mayai. Rundo la kuni lililokaa miezi, matofali yaliyopangwa tangu ujenzi usimame, mabati ya zamani yaliyolazwa chini, makuti yaliyooza, pumba zilizomwagika bandani: hivyo vyote ni chumba na chakula. Kuni zangu ziko juu ya kichanja, na chini yake panaonekana hadi upande wa pili. Nikiinua bati, naliinua kwa ukingo wa mbali, ili lisimame kama ukuta kati yangu na kilicho chini. Mkono hauingii mahali ambapo jicho halijaingia kwanza, iwe ni nyuma ya mtungi, kwenye shina la mgomba au ndani ya ndoo iliyolala ubavu. Usiku hatutoki uani bila tochi, hata kama ni hatua tano hadi bombani.

Na gambuti. Kwa kuwa kifutu anapiga chini, buti ya mpira inayofika karibu na goti, ndani yake kukiwa na soksi nene na suruali pana, inapunguza sana uwezekano wa meno kufika kwenye ngozi. Inapunguza hatari ya vioo, misumari na miba. Inapunguza nguvu ya pigo la fyekeo. Ninazo jozi mbili za namba tofauti stoo, nimezinunua kwa ajili ya wanaokuja kufanya kazi, na ni sharti la kazi, si ombi. Kabla ya kuzivaa zinageuzwa na kukung'utwa, kwa sababu nge na tandu hupenda giza lile. Kijana akisema zinamchosha, namwongezea kidogo kwenye ujira na zinavaliwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kinga. Hakuna mkaguzi atakayefungua geti langu kuangalia. Lakini kijana anayefyeka kwangu anafanya kazi kwa faida yangu, na mguu wake unastahili kile ambacho mguu wa mwanangu ungepewa.

Nyoka akimuuma mtu, mambo ya kufanya ni machache. Msogezeni mbali na nyoka, mlazeni, mtulizeni. Vueni pete, bangili, saa, viatu na kila kinachobana kabla uvimbe haujaanza. Kiungo kilichoumwa kifungwe kipande cha ubao au fimbo kisitikisike, na mtu abebwe, asitembee. Kisha hospitali, moja kwa moja. Hakuna kuchanja kwa wembe, hakuna kunyonya, hakuna kufunga kamba ya kukaza, hakuna jiwe jeusi, hakuna kusubiri kuona kama atavimba. Kamba iliyokazwa juu ya mguu ulioumwa na kifutu inaweza kuufanya mguu huo upotee. Msipoteze muda kumfukuza nyoka, wala msimshike hata akiwa amekufa, maana kichwa kilichokatwa bado kinaweza kuuma. Na si kila zahanati ina dawa ya kuzuia sumu ya nyoka. Ulizieni leo, mkiwa wazima, ni hospitali gani ya karibu inayo, na ni bajaji au gari la nani litakalopatikana usiku. Wakazi wa Arusha na vijiji vyake wanaijua Meserani, ambako bustani ya nyoka ina kliniki inayotibu walioumwa. Watamu, pwani ya Kenya, kuna Bio-Ken, wanaojulikana kwa kazi hiyohiyo. Kwa sisi wengine ni kuuliza.

Swila mtema mate anataka maelezo yake peke yake kwa sababu hahitaji kukugusa. Anakusimamia, anatanua shingo, anarusha sumu kuelekea usoni kutoka umbali unaozidi mita mbili. Jicho linawaka moto na halifunguki. Hapo ni maji safi, mengi, yanayotiririka, kwa dakika 15 hadi 20, huku mtu mwingine akilishikilia kope lisifunge. Usisugue. Usitie majani yaliyosagwa wala dawa ya mtaani. Kisha kituo cha afya, kwa sababu kioo cha jicho kinaweza kupata kidonda na kidonda hicho kikaondoka na uwezo wa kuona.

Maji hayohayo ndiyo tiba ya kwanza ya minyaa. Huu ndio ua wa jadi wa sehemu nyingi za bara: mbuzi hawaugusi, hauhitaji kumwagiliwa, na ukipanda vijiti leo mwakani una wigo. Lakini ukilikata tawi, utomvu mweupe unachuruzika papo hapo, na tone moja likiruka jichoni ni maumivu yasiyosemeka na ukungu wa macho unaoweza kudumu siku kadhaa. Nauona uzembe mkubwa hapa kwa sababu watu wanaupogoa ua huu kwa panga, kwa kupiga kutoka chini kwenda juu, uso ukiwa umeelekezwa palepale utomvu unakorukia. Miwani ya kinga ni lazima, glavu na mikono mirefu pia, na upepo uwe mgongoni. Matawi yaliyokatwa yasichomwe karibu na nyumba, maana moshi wake nao unawasha. Ndoo ya maji safi iwe imeshachotwa na kuwekwa kando kabla tawi la kwanza halijakatwa. Mtu aliyefumba macho kwa maumivu hawezi kwenda kutafuta bomba. Utomvu wa embe nao, ule unaoruka unapolivunja kikonyo, unachoma ngozi na midomo, na mafuta ya ganda la korosho ni makali zaidi.

Sasa niseme juu ya pepopunda, ugonjwa ambao watu wanadhani umeisha. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imetokomeza pepopunda ya wajawazito na watoto wachanga, na hayo ni matunda ya chanjo ya kliniki. Kina mama wengi wana kinga kwa sababu wakiwa wajawazito walidungwa sindano ile. Wanaume je? Wengi walichanjwa wakiwa wachanga na hawajarudia tena maisha yao yote, na kinga hiyo hufifia. Ndiyo maana mtu ninayemhofia zaidi uani ni mwanaume mtu mzima mwenye kidonda kidogo. Vijidudu vya pepopunda vinaishi kwenye udongo na samadi, vinavumilia jua na ukame kwa miaka, na vinapenda jeraha jembamba lenye kina, lisilopata hewa: mwiba, msumari, mti uliochongoka. Kutu si chanzo. Msumari mpya uliodondoka kwenye samadi ya kuku unaambukiza vilevile. Dalili huanza kati ya siku 3 na 21, taya linakaza, mtu anashindwa kufungua mdomo, kisha mgongo unapinda kwa mishtuko, na kwa wakati huo hata hospitali kubwa inapata kazi ngumu kumwokoa.

Mtu akichomwa kwangu, tunaosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, tunaacha damu itoke kidogo, hatupaki mafuta ya taa, majivu wala kinyesi cha ng'ombe, na siku hiyohiyo anakwenda kituo cha afya kuuliza sindano ya pepopunda, nauli na gharama juu yangu. Akina baba, msisubiri msumari. Nendeni mkaulizie mkiwa wazima.

Miti nitaisema kwa ufupi, maana kanuni zake hazibadiliki. Nazi kavu na ganda lake huzidi kilo moja, na inaanguka kutoka urefu wa nyumba ya ghorofa kadhaa. Chini ya mnazi hakuwekwi kigoda, mkeka wala kitanda cha mtoto, na siku ya kuangua hakuna anayepita. Kazi ya kukwea ni ya mkwezi, si ya kijana wa kufyeka aliyeombwa "amalizie na hiyo". Mpapai haukwewi na mtu yeyote, na mzambarau hukatika bila kutoa mlio wa onyo. Wapemba wanaufahamu vizuri ubovu wa matawi ya mkarafuu. Tawi likishagusa waya wa umeme, au likiwa karibu nao, simu ipigwe TANESCO, na Zanzibar ZECO, wao ndio wakate umeme kwanza. Kiopoo cha chuma au ngazi ya alumini chini ya waya ni kifo, na mti mbichi wenye maji nao unapitisha umeme.

Kabla ya mashine kuwashwa chini ya mti, simama dakika chache usikilize na utazame juu. Nyuki wetu wa Afrika huchokozwa na mngurumo na mtikisiko. Wakitoka, kimbia moja kwa moja, funika uso kwa shati, ingia ndani ya nyumba au gari na ufunge. Usipunge mikono, usijitose kwenye pipa la maji, watakusubiri. Miiba ikwanguliwe haraka kwa ukucha. Aliyeumwa mara nyingi, au anayevimba midomo na kushindwa kupumua hata kwa mwiba mmoja, apelekwe hospitali bila kusubiri. Mzinga ukiwepo, mwite mrina asali aje jioni auhamishe. Kuchoma moto kunaua nyuki na kunaunguza mti na paa.

La mwisho ni dawa, na ndilo linalonikosesha usingizi zaidi kwa sababu ya watoto. Siku hizi badala ya kufyeka wengi wananyunyizia dawa ya kuua magugu, na kwenye mboga wananyunyizia ya wadudu. Inanunuliwa dukani kwa kupimiwa, kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda, bila kibandiko, na inakwenda kukaa chini ya meza ya jikoni. Kuna dawa za magugu zenye parakwati. Funda moja tu linaweza kuua, mapafu yakiharibika taratibu kwa siku au wiki, na hakuna dawa ya kuizimua. Mtoto mwenye kiu hajui hilo. Kijana uliyemwita kufyeka, akiona chupa ya maji kivulini saa saba mchana, naye hajui.

Basi kwangu hainunuliwi ya kupimiwa. Chupa ni ya kiwandani, imefungwa, ina kibandiko. Utepe wa rangi chini ya kibandiko unaonyesha ukali: nyekundu ni kali mno, kisha njano, kisha bluu, kijani ni nafuu. Nyekundu haiingii getini. Dawa inakaa kwenye kabati lenye kufuli, nje ya nyumba, mbali na unga na pumba. Bomba la kubeba mgongoni linajaribiwa kwanza kwa maji matupu, kwa sababu mengi huvuja kwenye mfuniko na kwenye mpira, na mnyunyiziaji anaweza kufanya kazi asubuhi nzima shati limelowa mgongoni akidhani ni jasho. Sumu inapita kwenye ngozi. Ananyunyizia asubuhi mapema au jioni, upepo ukiwa mgongoni, amevaa mikono mirefu, glavu, buti na barakoa. Havuti sigara, hali, hafuti uso kwa mkono. Akimaliza anaoga kwa sabuni, na nguo zake zinafuliwa peke yake. Chupa tupu inasuuzwa mara tatu, maji yake yanarudishwa ndani ya bomba, kisha inatobolewa ili asije mtu akaiwekea mafuta ya kula.

Mtu akianza kutoa mate mengi, jasho, machozi, kutapika, kutetemeka, mboni za macho zikiwa zimesinyaa, hiyo ni sumu ya dawa ya kuua wadudu na anahitaji hospitali sasa hivi. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni ngozi kwa maji na sabuni nanyi mkiwa mmevaa glavu, msimtapishe kwa nguvu, msimnyweshe maziwa. Na mmoja wenu aifuate ile chupa stoo, apande nayo gari. Kibandiko chake kina jina la kiini cha sumu, na hilo ndilo swali la kwanza ambalo daktari atauliza.